Shimo la Kasuku

Swali lilikuwa moja, na tangu alfajiri hadi saa tatu asubuhi lilikuwa limeulizwa mara mia mbili na kumi na mbili: Kwa nini mtoto wangu hahisi miguu yake?

Sekela Mwasomola alilisoma akiwa bado amesimama, koti mwilini, kikombe cha chai mkononi. Njombe ya mwezi wa saba haina mchezo. Baridi hiyo ndiyo iliyowafanya wakubwa walijenge Jumba la Kurunzi, mashine inayojibu maswali ya nchi nzima, huku juu, kwa kuwa mashine ziliipenda kuliko binadamu waliopewa kazi ya kuzichunga. Sekela alikuwa mpimaji. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akiangalia mizani, yaani ile sehemu ya Kurunzi inayoamua, katika kurasa zote zilizoandikwa na watu, ni upi upande juu na kusemwa kwa sauti mtu anapouliza, na zipi zikae chini zisionwe na yeyote. Zamani, wapimaji walisimuliwa, muulizaji alipewa orodha ndefu ajichagulie mwenyewe. Sasa alipewa jibu moja. Watu walilizoea upesi, kama wanavyozoea chochote kinachowapunguzia kazi.

"Wanauliza kutoka wapi?"

"Mkole," ikajibu mashine ya mezani. "Watu sabini na wanne."

"Umewajibu nini?"

"Lishe duni. Wampe mtoto mayai na mboga za majani."

Sekela akaweka kikombe chini. Mtu aliyeridhika na jibu haulizi tena. Hilo ni somo la siku ya kwanza kazini. Hawa walikuwa wameuliza, wakajibiwa, wakaenda kuwatazama watoto wao, wakarudi kuuliza vilevile.

"Mkole wamepokea nini kipya mwezi huu?"

"Machujio ya mnara wa umande. Mhuri wa kijani. Yalifungwa siku kumi na mbili zilizopita."

Tangu mito ikauke, nusu ya vijiji vya nchi vilikunywa maji ya minara ya umande, ile milingoti inayokamua maji kutoka kwenye hewa ya usiku. Kila mnara ulikuwa na chujio, na kila chujio lilikuwa na mhuri wa rangi. Wa kijani ulikuwa mpya.

"Kuna ukurasa wowote unaotaja chujio la kijani pamoja na miguu?"

"Hakuna."

Alikaribia kushukuru na kuondoka. Kisha akauliza jambo ambalo wapimaji hawakuwa na desturi ya kuliuliza: "Na kule Shimoni, kwenye kurasa zilizotupwa?"

Mashine ilichelewa kidogo. "Shimoni zipo arobaini na moja."

Zilikuwa kurasa za kaya za kijiji kimoja, Ilembwe, mbali sana na Mkole. Zote zilikuwa na umri wa wiki tano, na zote zilisema maneno yaleyale, hadi mkato na nukta:

Watu wote mnatangaziwa. Chujio la mhuri wa kijani limewatia watoto tisa ganzi miguuni. Liondoeni. Mwambie na mwenzako.

Na chini ya kila moja: Nimeipata kwa fulani. Huyo fulani alikuwa jirani, naye ameipata kwa jirani mwingine, hadi wamezunguka kijiji kizima na kurudi walikoanzia.

Sekela alikuwa akiitazama kazi ya mikono yake.

Mizani haijui ukweli, haijawahi kuujua. Inachojua ni nani anamshuhudia nani. Ukurasa ukielekezwa na kurasa nyingi zenye heshima, nao unapata heshima. Ukisimama peke yake, unabaki chini hata kama umeandikwa na malaika. Miaka minane nyuma matapeli walilijua hilo. Wakaandika kurasa elfu tatu kusifia unga fulani kuwa unaponya kifua kikuu, maneno yaleyale, kila ukurasa ukielekeza kwa mwingine, na mizani ikadhani ni watu elfu tatu. Unga ukapanda hadi juu kabisa. Baba mdogo wa Sekela, Ambwene, mtu aliyemsomesha, aliuliza, akajibiwa, akaacha dawa za hospitali. Alikufa baada ya siku arobaini akiwa na kijiko cha unga huo kando ya kitanda.

Sekela alitoka matangani na kuandika Kanuni ya Kasuku: kurasa zaidi ya kumi zenye kinywa kimoja, zinazoelekezana zenyewe kwa zenyewe, zitupwe Shimoni wala zisitoke. Alipewa ngao ya heshima. Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wahenga. Hawakusema kwamba wakati mwingine huwatanguliza wengine.

* * *

Mzee Mgaya, mkuu wa wapimaji, alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Ndiye aliyemfundisha kazi, na bado alikuwa na tabia ya kutikisa miwani yake alipotaka mtu afikirie tena.

"Mafundi wa vijiji sitini wanafunga machujio ya kijani leo saa sita," Sekela akasema. "Sheria inawataka waiulize Kurunzi kabla ya kuvunja mhuri. Na Kurunzi itasema ndiyo, ni salama."

"Umepiga simu wizarani?"

"Nimepiga. Ofisa akaniambia nisubiri athibitishe. Unajua alithibitishaje? Aliiuliza Kurunzi."

Mzee Mgaya hakucheka, ingawa siku nyingine angecheka. "Na wasambazaji?"

"Nao vilevile."

"Fungua Shimo, basi."

"Nikilifungua watapanda wote, mzee. Wauza unga wapo humohumo. Siwezi kuwatoa hawa nikawaacha wale. Kwa mizani ni kitu kimoja."

"Basi hatuna mkono." Alisema hivyo kwa upole. Zamani wapimaji waliweza kuupandisha ukurasa kwa mkono, mpaka mmoja wao alipoipandisha picha ya shemeji yake wiki ya uchaguzi. Mkono ukakatwa. "Ni lazima watu wenyewe waandike vingine."

"Hawajui kwamba waandike vingine. Mtu awaambie."

Miwani ikatikiswa. Mpimaji aliyemwambia mwandishi jinsi mizani inavyopima alikuwa na kosa linaloitwa kunong'ona, na adhabu yake haikuwa jela. Alifutwa. Jina lake, shahada zake, picha zake, kaburi la baba yake lenye jina lake mwishoni mwa orodha ya watoto, vyote viliondolewa kwenye Kurunzi. Katika nchi ambayo mwajiri, mwenye nyumba na daktari huuliza kwanza kabla hawajakutazama usoni, aliyefutwa alikuwa hai kwa jirani tu.

"Na kama si chujio?" Mzee Mgaya akauliza. "Ukiyasimamisha maji ya vijiji sitini kwa uvumi, wakanywa ya madimbwi, kipindupindu kikawakumba? Hao nao ni watoto, Sekela."

Hilo ndilo lililomuuma. Hakujua. Alikuwa na watoto tisa wa Ilembwe kwenye karatasi, waulizaji sabini na wanne wa Mkole, na saa ya ukutani iliyosema saa nne na dakika kumi.

"Mimi naenda kunywa chai," Mzee Mgaya akasema, akasimama. Mlangoni akageuka. "Nikirudi nitaandika nilichokiona. Usidhani nitasema sikuona."

"Sikuombi useme hivyo, mzee."

* * *

Simu ya Ilembwe iliita mara nyingi. Mwanamke aliyepokea alijitambulisha kuwa Dezideria, mpiga mbiu wa kijiji. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu aliyezoea kusikika ng'ambo ya bonde.

"Shikamoo mama. Naitwa Sekela, napiga kutoka Jumba la Kurunzi, Njombe."

"Marahaba. Kurunzi hiihii? Wiki tano tunawaita, leo ndiyo mnaitika?"

"Ndiyo, mama. Samahani sana."

"Samahani yako nimfunge mjukuu wangu miguuni, atembee nayo?"

Sekela akauliza kwa nini nyumba zote ziliandika maneno yaleyale.

"Ulitaka tuandikeje? Mbiu ndiyo hiyo. Mimi nikishaitamka, kila nyumba inaisema kama ilivyo, haiongezi wala haipunguzi. Na kila mtu anamtaja aliyempa, ili ikiwa uongo tujue umetoka wapi. Atakayetia neno lake tunasema kaichafua mbiu. Mama yangu alinifundisha hivyo kabla hata sijajua kusuka ukili."

Kwa hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa dhambi yao. Watu wa Ilembwe walikuwa wamefanya kwa uaminifu kila kitu ambacho matapeli walifanya kwa hila. Sekela alifumba macho. Alijua kwamba sentensi inayofuata haingerudishwa kinywani.

"Mama, nisikilize. Mashine inadhani ninyi nyote ni mtu mmoja mwongo mwenye vinywa arobaini na kimoja. Mkiandika kwa maneno ya mwenzenu, hamtasikika kamwe. Kila aliyeona aandike alichokiona yeye, kwa maneno yake. Asiyeona asiandike. Na asimtaje jirani."

"Unataka tuichafue mbiu."

"Nataka kila mmoja atoe ushahidi wake. Kuna kijiji kingine, mama. Watoto wao nao wameanza."

Nyuma ya simu kuku alikuwa akitetea, na mtoto alisema kitu kilichomfanya Dezideria ajibu pembeni, kwa sauti nyingine kabisa, laini, kwamba bibi anakuja kumbeba.

"Waseme nini?" akauliza aliporudi.

"Hilo siwezi kukuambia, hata ukinililia."

"Haya. Lakini yupo Apolinari, mlinzi wa mnara. Tangu mwanzo anabisha, anasema wanawe wote wazima na chujio halina neno, wala hakubali litolewe. Huyo nitamwambia afunge mdomo leo."

Sekela alitazama saa. Saa nne na dakika thelathini na tano. Ukurasa mmoja wa kupinga, tena wa mlinzi wa mnara mwenyewe, ungeweza kuwavuta wote chini. Neno moja tu lilitakiwa: sawa. Ingekuwa rahisi, na hakuna ambaye angejua. Akamkumbuka baba mdogo Ambwene akikuna mabaki ya unga kwa kijiko, akiamini kwamba watu elfu tatu hawawezi kudanganya wote.

"Naye aandike," akasema.

"Atatuharibia!"

"Aandike, mama. Tukimnyamazisha yeye, mimi na matapeli tuna tofauti gani?"

Dezideria alisonya, msonyo mrefu. Kisha, bila kukata simu, alitoka nje, na Sekela akasikia rimu ya lori ikigongwa kwa chuma, mara tatu, na ile sauti nzito ikipanda: "Watu wote mnatangaziwa! Leo kila mtu aseme la kwake!"

* * *

Kurunzi hukusanya kurasa kwa watembezi, programu ndogo zinazozunguka nchi nzima kila siku, zikipita kila ukurasa na kuchukua kilichobadilika. Kijiji chenye habari nyingi hupitiwa kila dakika. Ilembwe ilipitiwa kila baada ya siku tisa, na zamu yake ilikuwa Jumanne ijayo.

Sekela alimwita mtembezi kwa amri. Mashine ikamtaka aandike jina la aliyeamuru na sababu. Akaandika jina lake lote. Kwenye sababu akaandika: Nimenong'ona.

Saa tano na robo kurasa zikaanza kufika, moja moja, kwa maandishi ya watu wasiozoea kuandika.

Mwanangu Eusebi alianguka akikimbiza kuku. Akasema mama miguu imelala, akacheka. Siku ya tatu hakucheka.

Mimi sina mtoto. Ni mimi mwenyewe, mtu mzima, vidole sivihisi. Nilidhani viatu vinabana nikavigawa.

Mjukuu wangu ni mzito siku hizi maana miguu yake hainisaidii kumbeba.

Zilifika kumi, zikafika kumi na tisa. Kisha ukafika wa Apolinari, nao ulikuwa mrefu kuliko yote.

Watu wananinunia ila nasema kweli. Wanangu wanne wazima kabisa wanacheza mpira. Mnara naulinda mimi, chujio nimelifunga kwa mkono huu. Ila maji yake nyumbani hatunywi, mke wangu anasema tangu chujio jipya yananuka sarafu. Tunakunywa ya kisima cha chumvi.

Sekela aliusoma mara mbili, kisha akasimama na kuusoma mara ya tatu. Mtu huyo alikuwa amewatetea wenye chujio kwa nguvu zake zote, na katika kuwatetea alikuwa ameonyesha wazi kwamba watoto wasiokunywa maji yale ndio wasioumwa. Mzee Mgaya alitaka jibu, lilikuwa hilo.

Kanuni ya Kasuku ilizipitia kurasa zile. Maneno yanafanana? Hapana. Zinaelekezana? Hapana. Zinapingana? Ndiyo, na genge la waongo halipingani. Zikapita, Shimo likiwa limefungwa vilevile na wauza unga wakiwa ndani yake.

Lakini kupita si kupanda. Saa tano na dakika arobaini Sekela aliiuliza Kurunzi kama fundi angeuliza: "Chujio la mhuri wa kijani ni salama?"

"Ndiyo," ikajibu, kwa ile sauti yake ya upole ambayo leo alitamani kuipiga kofi.

Ukurasa mgeni hujaribiwa kwanza. Kurunzi huwapa waulizaji wachache, kisha inasubiri ione watafanya nini. Hapo mpimaji hana la kufanya ila kukaa. Sekela alikaa. Mzee Mgaya alikuwa amerudi na kusimama nyuma ya kiti chake. Harufu ya tangawizi ilitoka kwenye kikombe chake.

Huko Mkole mwanamke mmoja aliuliza kwa mara ya sita tangu asubuhi kwa nini mtoto wake hahisi miguu yake. Safari hii hakuambiwa habari za mayai. Alisomewa ukurasa wa Apolinari.

Hakuuliza tena.

Akafuata mwingine, naye akanyamaza. Wa tatu aliuliza swali tofauti: kisima cha karibu kiko wapi. Kwenye kioo cha Sekela mstari wa maswali ya Mkole, uliokuwa ukipanda tangu alfajiri, ulianza kushuka. Huo ndio ushahidi ambao Kurunzi huuamini kuliko wote, mtu aliyeacha kuuliza, na mizani ikaanza kusogea.

Saa sita kasoro dakika nne, fundi mmoja mahali fulani aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepanda mlima na mzigo.

"Ngoja," Kurunzi ikamjibu. "Mashahidi wa chujio hili wanatofautiana. Usivunje mhuri."

"Ngoja nini tena!" fundi akafoka. "Nimelibeba zigo hili tangu barabarani!" Wakasikia likitupwa chini kwa hasira, zima, mhuri wake ukiwa salama.

Sekela akalia. Alilia wazi, kamasi na yote, na Mzee Mgaya akamwekea mkono begani, akauacha hapo kwa muda. Kisha akavuta kiti chake, akavaa miwani, akaanza kuandika alichokiona.

* * *

Kumfuta mtu huchukua siku tisa. Siku ya kumi mwenye nyumba alimwomba Sekela kitambulisho, akaiuliza Kurunzi, akamrudishia akiepuka macho yake. Dukani mashine haikumtambua. Jioni, akiwa amekaa juu ya sanduku lake, aliuliza mwenyewe, japo alijua.

"Sekela Mwasomola ni nani?"

"Hakuna mtu kama huyo," Kurunzi ikasema kwa upole.

Aliizima. Simu ikaita papo hapo.

"Mwanangu, hujambo? Ni mimi, Dezideria. Chujio limetolewa, wamelipeleka maabara. Mjukuu leo amesimama kwa kushika ukuta. Amesimama! Tangu jana naiuliza Kurunzi unakaa wapi nikutumie maharage, inaniambia hakuna mtu kama huyo. Imerukwa na akili?"

"Haijarukwa, mama. Nimefutwa, kwa sababu ya ile simu yetu."

"Nilihisi," akasema Dezideria. "Ndiyo maana jana nilipiga mbiu."

"Mbiu gani?"

"Subiri nikusomee." Akakohoa kidogo, akasoma polepole. "Watu wote mnatangaziwa. Sekela Mwasomola wa Njombe yupo. Alitusikia. Mwambie na mwenzako." Akakohoa tena. "Nyumba arobaini na moja zimeandika. Hata Apolinari. Na safari hii hakuna aliyetia neno lake, nimepita mlango kwa mlango."

Sekela alijua kurasa hizo zilipo. Maneno yaleyale, jirani akimtaja jirani, mduara mzima: Ilembwe sasa ilipitiwa kila siku, na zilikuwa Shimoni tangu jana, kwa kanuni yake mwenyewe, na hakuna mtu duniani ambaye angezisoma. Kicheko kilimtoka, kikachanganyika na machozi, akashindwa kukizuia.

"Unacheka nini? Tumekosea tena? Tuandike vingine?"

"Hapana, mama," akasema. "Msibadilishe hata neno. Nisomee tena."

Dezideria akamsomea tena, vilevile kama ilivyokuwa.